Marehemu Mkia

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Mkia,

Nakusalimu kwa mkono wenye mafuta ya mashine, kwa hiyo ukiona doa pembeni usidhani ni chozi. Sisi hatujambo. Binti yangu amepanda darasa na ameota ulimi. Juzi kaniambia mimi mzee kwa sababu bado nanunua stempu. Nikamwambia mwenye kutaka stempu ni mjomba wako, anayeshinda kwenye kompyuta lakini simu anaiogopa kama paka na maji. "Karatasi haidukuliwi," ulisema, na mimi nikatii, maana siku hizi nami nina sababu zangu.

Sababu hizo unazijua. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu unisaidie kumtoroka yule bwana aliyenioa. Sijamwona wala sijamsikia. Barua zako endelea kuzituma kwa sanduku la posta la mshona viatu jirani yangu wa kazini. Nyumba ninayokaa sikutajii, na usiniulize. Si kwamba sikuamini. Usichokijua hakitakutoka hata ukipigwa, na yeye aliapa kwamba siku akianza kunitafuta ataanzia kwako.

Kibanda cha funguo kinakwenda. Niko chini ya ngazi za jengo la ofisi, mashine ya Baba upande mmoja, ubao wa funguo upande wa pili. Watu wanapoteza funguo kila siku, Mungu awazidishie. Jioni nikirudi najenga mji. Usicheke! Ni mchezo wa kompyuta, mnacheza wengi, kila mtu na mtaa wake, mnabebeana matofali na kupiga soga. Binti ndiye aliyenifundisha na sasa namshinda. Humo sitajwi kwa jina langu, nina la utani, na hilo nalo sikuambii maana utanicheka mpaka ukojoe.

Wewe unafanya kazi gani hasa? Kila nikiuliza unajibu "mambo ya mitandao". Hata buibui ukimuuliza atajibu hivyohivyo.

Dada yako


Tarehe 27 Januari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa siku nitakayosahau. Mimi mzima. Naishi na feni moja inayonung'unika kuliko mke. Mpe binti salamu, mwambie ulimi mrefu ni urithi wa upande wetu.

Kwanza nina ombi. Nataka tupa ya Baba ya kuchongea funguo, ile ndogo yenye mpini wa mfupa. Si ya kazi. Nataka tu kuishika mara mojamoja. Kifurushi ukitume huku moja kwa moja: ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, unapandia ngazi za nyuma, mlango wa kijani usio na namba. Mtaa nimeuandika kwa penseli ndani ya bahasha. Ukishausoma, ufute. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye anwani hii.

Umeniuliza kazi. Nafungua milango. Kazi ni ileile ya Baba, ila milango yangu haionekani. Kuna kampuni moja ya michezo ya kompyuta. Niliwaandikia mara mbili, kwa heshima zote, kwamba mlango wao wa nyuma hauna komeo. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili mtu wao akajibu, "Asante kwa maoni yako," akaniwekea na kikaragosi cha kucheka. Kunicheka mimi!

Basi nimeingia. Mfanyakazi wao mmoja ana neno moja la siri kwa kila kitu, la kazini ndilo la nyumbani. Huo ndio ufunguo malaya, Dada, haukatai kitasa. Sasa ninazo taarifa za wachezaji laki mbili na elfu kumi: majina ya kweli, nyumba, simu, na kila neno walilowahi kuambiana faraghani. Siuzi. Nataka kuzianika hadharani ili wale waungwana wajue ni nani wa kuchekwa. Mwenye mlango mbovu ndiye mkosaji.

Mkia


Tarehe 10 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata na binti amezipokea kwa kuutoa ulimi wote nje. Mguu wangu wa kushoto unauma kwa kusimama, lakini si habari.

Habari ni hiyo barua yako. Nimeisoma kwa kusimama, nikaisoma kwa kukaa, haikubadilika. Unakumbuka yule bwana wa suti aliyempeleka Baba kumfungulia mlango? Tulikuwepo wote wawili. Baba alimuuliza swali aliloliuliza kila mteja kabla ya kugusa kitasa: "Mlango ukifunguka, utaona nini kwanza?" Yule akajibu bila kusita, "Kabati la vyombo." Baba akafungua upenyo wa vidole viwili. Palikuwa na kitanda cha mtoto. Baba akauvuta mlango, akaufunga kwa ufunguo, akakaa kizingitini mpaka mwenye nyumba aliporudi. Hakulipwa hata asante. Wewe ulimcheka njia nzima.

Hao watu laki mbili hawakukucheka. Aliyekucheka ni mmoja, na mshahara wake hautapungua hata senti. Ukitaka kumchapa mwenye nyumba, kwa nini unawavua nguo wapangaji? Mimi najua maana ya anwani. Kuna mtu mwingine humo, kama mimi, ambaye anwani yake ndiyo pumzi yake.

Na niambie neno moja tu: siyo ule mchezo ninaocheza mimi? Ule wenye tangazo la daraja la mawe? Kama ndio, sema, nijue pa kukimbilia. Kama siyo, bado nakuomba uyafute yote. Tupa ya Baba nitakutumia, ingawa sijui kama unastahili.

Dada yako


Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mguu uuchue kwa maji ya chumvi. Mimi nimenenepa kwa kukaa.

Siyo huo. Michezo ya kujenga miji iko mingi kama chawa, endelea kubeba matofali yako kwa amani.

Na Baba umwache alale. Alikufa na mashine moja na tupa nne. Adabu yake haikumjengea hata choo. Unataka kujua kwa nini nafanya? Nitakwambia, kwa kuwa karatasi haidukuliwi. Mwanzo kweli ilikuwa hasira. Nilijiambia nawatetea wachezaji, kwamba nikiwaanika leo watalindwa kesho. Maneno hayo yalinitosha kama wiki mbili. Kisha nikaanza kusoma.

Hujui utamu wake, Dada. Kuna daktari wa meno anayemlilia mtu asiyemjua, mwenye picha ya mbuzi. Kuna mwalimu wa hesabu anayemwambia mkewe yuko kikaoni, kumbe anajenga mnara. Kila mmoja ana swali lake la siri, la kumtambulisha akisahau neno lake: mwanasesere wako wa kwanza aliitwaje, nani ulimpenda kuliko wote utotoni. Majibu yake yangemchekesha maiti. Nilikuwa nayasoma kwa sauti, peke yangu, huku natafuna karanga. Sikuwahi kuwa mtu wa kujua mambo ya watu. Nyumbani nilikuwa wa kuambiwa mwisho. Sasa najua ya watu laki mbili na wao hawajui hata kama nipo.

Juzi nimeacha kucheka. Kuna watu humo wana ndugu wazima, wanaopumua, wanaowaandikia barua, na wamewazika kwa mdomo. Mgeni akiuliza, "Una ndugu?" wanajibu, "Alikufa," kisha wanaendelea kupanga matofali. Huyo ndiye unayeniomba nimwonee huruma.

Tupa usiisahau.

Marehemu mdogo wako,
Mkia


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Tupa imeondoka leo, nimeifunga kwa kitambaa cha Baba cha kufutia mikono. Anwani ya penseli nimeifuta kama ulivyosema, lakini kichwa hakina kifutio.

Umesema siyo mchezo wangu, nimekuamini na nimeshukuru. Ila huo utani wa "marehemu" sikuupenda. Mtu hajiiti kifo. Kama umechoka kukaa peke yako, sema umechoka.

Nakuomba mara ya pili na ya mwisho, yafute. Sipigi magoti kwa sababu mguu unauma, lakini jua kwamba ningepiga.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mko wazima? Tupa nimeipata. Bado inanuka Baba.

Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Jumatano ya tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, niliyaanika yote. Yako mtandaoni, mtu yeyote anayapakua bure kama mvua. Mkubwa wa kampuni ametokea kwenye taarifa ya habari akiwa na tai iliyopinda, akasema "tunasikitika" mara sita. Nilihesabu. Yule wa kikaragosi kafukuzwa. Wenzangu wa kazi hii, ambao hawajui sura yangu, wameniita bingwa. Nilidhani ningeruka. Nilikula, nikafua mashati mawili.

Mko wazima lakini? Binti anaendelea na shule? Ushauri tu wa fundi kwa fundi: badilisha kitasa cha nyumba yako. Si kwa sababu yoyote. Vitasa huchakaa.

Niandikie upesi kama mko wazima.

Mkia


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wiki nne kimya. Najua posta ni kobe, lakini hata kobe hufika. Au mshona viatu amefunga sanduku lake? Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Mkia


Tarehe 21 Mei

Mjomba, shikamoo. Huu mwandiko ni wangu mimi binti. Mama anasema, mimi naandika. Kasema nisiongeze neno langu hata moja.

Mdogo wangu,

Salamu. Barua zako mbili nimezipata.

Siku ya Alhamisi, tarehe 24 Aprili, saa mbili asubuhi, tulikuwa tunakunywa chai. Mlango uligongwa kwa adabu, mara tatu. Binti alidhani ni mwenye nyumba, akafungua. Alikuwa yule bwana. Alikuwa amenyoa vizuri. Mkononi alishika karatasi iliyochapishwa, mistari midogomidogo, na mmoja umepakwa rangi ya njano. Alinisomea kama mwalimu anayeita mahudhurio: Bi Kufuli. Kisha jina langu la kweli, mtaa, namba ya nyumba, namba ya simu.

Bi Kufuli ndilo jina nililolificha hata kwako. Yeye ndiye aliyenibandika zamani, kila nilipofunga mlango wa chumbani. Niliona nimnyang'anye nilivae mwenyewe. Huo ulikuwa ujinga wangu, naukubali. Na anwani niliiandika kwenye ule mchezo mara moja tu, siku daraja langu lilipowashinda wengine na wakataka kuniletea kikombe cha zawadi. Kikombe kilikuwa pale mezani, kina chai.

Nilimvuta binti nyuma, nikaukimbilia mlango niufunge. Ule mlango una komeo tatu, nimezitia mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa kati ya mlango na fremu alipoubamiza. Kisha akaufungua akaufunga tena, taratibu, mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayejaribu kitasa kipya.

(Mjomba, hapa Mama ameinuka kukagua komeo za mlango. Chai yake imepoa. Sasa anaendelea.)

Kila alipoufunga aliuliza kitu kilekile. Nani alikusaidia kuondoka, na anakaa wapi? Sikumwambia. Majirani walipopiga kelele alikimbia, na mpaka leo hajapatikana. Vilivyopondeka ni vidole vinne vya mkono wa kulia. Daktari anasema kidole gumba kitashika kijiko, lakini ufunguo hakitaushika. Kibanda nimekifunga. Tumehama tena. Mshona viatu bado anapokea barua.

Nina swali moja. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe na utie tarehe. Kabla hujayaanika yale majina, ulijua kwamba nimo?

Dada yako

(Mjomba, hili ni langu, Mama haoni. Aliyefungua mlango ni mimi. Mama anasema si kosa langu. Sasa ni la nani?)


Tarehe 8 Juni

Dada yangu wa damu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikalia, na mimi si mtu wa kulia, unajua hata msibani kwa Baba nilikuwa nashika sufuria tu.

Naapa kwa kaburi la Mama, sikujua. Ningejuaje? Ni watu laki mbili na elfu kumi, nani anaweza kusoma mmoja mmoja? Mashine ndiyo iliyoyatoa yote kwa mkupuo. Hata jina la Bi Kufuli ndiyo kwanza nalisikia kwako. Ningejua, ningekutoa kwenye orodha kama unyoya kwenye unga, dakika moja tu, hakuna ambaye angegundua.

Mwenye kosa ni yule mnyama aliyekuumiza. Wa pili ni kampuni iliyolala mlango wazi. Na nisamehe kusema, Dada, nawe kidogo. Mtu aliyejificha anaandikaje anwani ya kweli kwa ajili ya kikombe?

Mwambie binti si kosa lake. Mwambie mjomba wake anampenda. Mkono utapona, nimesoma mtandaoni kwamba mifupa ya vidole ni myepesi kuunga.

Asante kwa kutonitaja.

Mdogo wako akupendaye,
Mkia


Tarehe 12 Julai

Mkia,

Usinisome kwa haraka. Huu ni mkono wa kushoto, nimeufundisha wiki saba, na kila herufi hapa nimeilipia.

Hatujambo. Binti haendi tena kufungua mlango ukigongwa. Anajificha nyuma ya kabati na kuniachia mimi. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Barua zako zote ninazo. Nilizipanga mezani kwa tarehe, kama Baba alivyokuwa akipanga funguo za mteja kabla ya kuchonga. Nikaisoma ile ya tarehe 3 Machi, nikafika chini. "Marehemu mdogo wako." Nilikuwa nimeshaisoma na kuipita, kama mtu anavyoruka dimbwi. Safari hii nilisimama ndani yake.

Katika maisha yangu yote nimesema umekufa mara moja tu. Sikusema kwa jirani, wala kazini, wala kwa mtoto. Nilisema ndani ya ule mchezo, faraghani, kwa mtu mmoja. Na wewe ulinitania kwa neno hilo tarehe 3. Majina uliyaanika tarehe 19. Ulikuwa na siku kumi na sita za kutoa unyoya kwenye unga. Ulisema mwenyewe kwamba kazi hiyo ni ya dakika moja.

Nilijiuliza ulinitambuaje katikati ya watu laki mbili, maana Bi Kufuli kweli hukumjua. Nikakumbuka lile swali la siri. Nani ulimpenda kuliko wote utotoni? Nilijibu: Mkia. Ulikuwa ukinifuata kisimani, dukani, chooni unasubiri nje, mpaka Mama akakuita hivyo. Ulilisoma jina lako, ukajua mlango ni wangu, ukaingia. Labda uliingia kwa furaha. Sitaki kujua.

Sasa nikueleze ulichokikuta humo bila kukielewa. Aliyeniuliza kama nina ndugu alijiita Kinanda. Alikuwa mpole, ananibebea matofali, lakini maswali yake yalikuwa mengi. Una ndugu? Wako mji gani? Nani alikusaidia ulipohama? Na alikuwa akiandika "aya basi" pasipo "h", kama yule bwana anavyoandika. Sikuwa na hakika. Ila mtu aliyeapa kwamba ataanzia kwako nilimfahamu vizuri. Nikamjibu, "Nilikuwa na mdogo wangu, alikufa." Akaacha kuuliza.

Nilikuua kwa mdomo ili uishi. Wewe ukasoma mstari mmoja, ukanuna, ukaniacha kwenye orodha. Ungeniuliza! Stempu moja tu, Mkia. Ungeandika, "Dada, kwa nini umenizika?" ningekujibu kwa barua ya kurasa nne.

Nilipobanwa ule mkono mara ya pili na ya tatu, bado ulikuwa marehemu kinywani mwangu. Kisha ukaniapia kwa kaburi la Mama, ukaniuliza na habari za kikombe.

Ningeweza kuwapa polisi barua hizi. Niliwafikiria. Lakini polisi wangekupiga picha, wangeandika jina lako kubwa, na wenzako wasiojua sura yako wangekuita bingwa mara ya pili. Nawe ungefurahi kujulikana.

Wiki hii niliingia kwenye ule mchezo kwa mara ya mwisho. Mbele ya daraja langu la mawe kuna uwanja, ukibandika tangazo pale linasomwa na wote. Ndiyo, ni huohuo wa tangazo la daraja, ule ulioniambia niendelee kubeba matofali kwa amani. Nilibofya herufi mojamoja kwa kidole cha kushoto: "Niliwahi kusema humu kwamba mdogo wangu amekufa. Nilisema uongo. Yu hai, na ndiye aliyeyaanika majina yenu na nyumba zenu." Nikaandika jina lako kamili, la kwenye cheti. Nikaandika mtaa. Ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, ngazi za nyuma, mlango wa kijani usio na namba. Nikabandika na picha ya barua yako ya tarehe 3 Machi, daktari wa meno ajisome, na mwalimu wa hesabu naye ajisome. Kweli karatasi haidukuliwi. Lakini hutunza mwandiko na tarehe.

Kinanda naye bado anaingia. Niliiona taa yake ya kijani ikiwaka.

Usiniambie habari za adabu ya Baba, nazijua. Nimefungua mlango wa mtu ambaye hakuniomba, na Baba angeninyang'anya tupa. Bahati nzuri tupa unayo wewe.

Binti ameniambia alikuuliza kosa ni la nani, hukumjibu. Nilimjibu mimi. Nilimwambia ni la mtu aliyesoma kilichomo ndani ya nyumba ya dada yake kisha akaacha mlango wazi makusudi. Akaniuliza kama mtu huyo bado ni mjomba. Nikamwambia aandike hesabu zake za shule.

Barua hii itachukua siku kumi na mbili kukufikia. Waliolisoma tangazo langu hawasafiri kwa posta, kwa hiyo sijui kama utaisoma wewe au atakayekuta bahasha mlangoni. Ikiwa ni wewe, basi nimekufufua, Mkia, hayo ndiyo ya kunishukuru. Na hodi ikipigwa, kabla hujagusa kitasa, jiulize swali la baba yako, na ujibu kwa sauti kama ulivyokuwa ukisoma majibu ya wenzako. Mlango ukifunguka, utaona nini kwanza?

Dada yako